Taa izimwe kwa Kiswahili, hata intaneti ikikatika

Ukisoma matangazo ya nyumba mpya za Kilimani, Kileleshwa na Westlands jijini Nairobi, utakuta taa inayowashwa kwa sauti imetajwa pamoja na bwawa la kuogelea la juu ya paa na ukumbi wa mazoezi, kana kwamba vyote ni mapambo ya mwenye nazo. Mnunuzi huonyeshwa atakavyoketi kwenye kochi na kuliamuru pazia lifunguke, ilhali miguu yake ni mizima na pazia lenyewe liko hatua tatu kutoka alipo. Kwake hiyo ni starehe, na akiikosa hapungukiwi. Katika jiji hilohilo, huko Umoja, Kayole au Kahawa West, yupo mtu asiyeweza kabisa kuifikia swichi iliyo mita mbili kutoka kitandani mwake, na ambaye giza likiingia saa kumi na mbili na nusu jioni hukaa ndani yake mpaka mtu wa nyumbani arejee kutoka kazini. Huyu ndiye ambaye teknolojia hii ingepaswa kuanza naye, na ndiye asiyekuwamo katika hesabu za wanaoiuza.

Hoja yangu ina sehemu mbili zinazotegemeana. Ya kwanza ni kwamba vifaa vya nyumbani vinavyotii amri za sauti vinastahili kuhesabiwa kuwa vifaa saidizi, katika safu moja na kiti cha magurudumu, magongo na kifaa cha kusikia. Ya pili ni kwamba kwa jinsi vilivyoundwa leo havijamfaa mkazi wa kawaida wa Nairobi, na kinachomzuia zaidi ni lugha ambayo spika inayopokea amri hizo inaielewa, pamoja na safari ndefu ambayo kila amri hulazimika kuifanya hadi kwenye seva za mbali, yaani kompyuta za kampuni, kabla taa haijawaka. Bei ya spika yenyewe inafuata nyuma ya hayo mawili. Kifaa kinachoelewa maneno machache ya Kiswahili na kuyatekeleza humo humo nyumbani, bila intaneti, kingemfaa mtu huyu kuliko msaidizi wa kidijitali anayejua habari za dunia nzima lakini anayeshindwa kuzima taa pale mtandao unapokatika.

Watu tunaowazungumzia si wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 918,000 wenye ulemavu walio na umri wa miaka mitano na zaidi, na ugumu wa kutembea ndio uliotajwa na wengi zaidi, watu wapatao 385,000. Wengine wamepooza upande mmoja kwa sababu ya kiharusi, wengine wameumia uti wa mgongo katika ajali za bodaboda na matatu au kwa kuanguka kwenye mjengo, wengine walizaliwa na mtindio wa ubongo, na wapo wazee ambao baridi yabisi imewakaza vidole kiasi kwamba hata kuzungusha kitasa ni kazi. Kwa upande wa dunia, ripoti iliyotolewa mwaka 2022 na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF ilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba karibu bilioni moja kati yao hawakipati. Katika baadhi ya nchi maskini, wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji.

Asiyewahi kuishi na mtu aliyepooza hudhani kwamba jambo kubwa ni kutembea. Ukikaa naye siku nzima unaona kwamba kinachomchosha zaidi ni kuomba. Huomba taa iwashwe, huomba izimwe, huomba redio ipunguzwe, huomba dirisha, huomba feni, huomba simu isogezwe karibu na sikio, na kila ombi linamkatiza mtu mwingine katika shughuli yake, hata pale mtu huyo anapolipokea kwa moyo mweupe. Baada ya muda wengi huacha kuomba. Huona heri wavumilie mwanga wa taa usoni usiku kucha kuliko kumwamsha mama aliyelala saa tano na anayetakiwa kuamka saa kumi alfajiri. Lipo pia suala la afya ambalo halisemwi vya kutosha. Mtu aliyeumia uti wa mgongo katika sehemu ya shingo hupoteza uwezo wa kutoa jasho katika sehemu ya mwili iliyo chini ya jeraha, kwa hiyo mwili wake hushindwa kujipoza joto linapopanda. Katika chumba chenye paa la mabati, saa nane mchana mwezi wa Februari, kuwasha feni ni sehemu ya matibabu yake. Akiweza kuiwasha mwenyewe kwa maneno mawili, mlezi wake naye ataweza kwenda sokoni bila kuhesabu dakika.

Nisieleweke vibaya. Sauti haimgeuzi mtu kitandani, na mtu asiyehisi mwili wake ni lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia. Haimwogeshi, haimlishi, wala haimteremshi kutoka ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Anayeiuzia familia spika huku akiahidi kwamba hawatahitaji tena mlezi anawadanganya. Kinachopatikana ni saa kadhaa za kukaa peke yako bila giza na bila hofu, na saa hizo zina thamani kubwa kwa anayelelewa na kwa anayelea.

Kijana mmoja ninayemfahamu, aliyekuwa mwashi kabla ya kuanguka kutoka ghorofa ya tatu ya jengo walilokuwa wakilijenga, anaishi na mama yake Kayole, katika ploti yenye kuta za mawe na paa la mabati. Binamu yake aliye ng'ambo aliwaletea spika ya sauti pamoja na balbu mbili na soketi moja inayotii amri. Balbu zilikuwa za kuzungusha, ilhali holda za nyumba ile ni za pini kama zilivyo katika nyumba nyingi za Nairobi, hivyo ikabidi mwenye ploti aombwe ruhusa na fundi wa stima aitwe kuzibadilisha. Swichi za ukutani hazikuguswa, kwa sababu swichi nyingi za kutii amri huhitaji waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, ndani ya kisanduku cha swichi, na waya huo haukupitishwa pale ukutani nyumba ilipojengwa. Matokeo yake ni kwamba mgeni akizima taa kwa mazoea, balbu inakosa umeme na hakuna amri ya sauti inayoweza kuifikia tena. Mama ameziba swichi zote mbili kwa utepe mweusi wa fundi, na juu ya utepe amebandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nzito: USIGUSE.

Kijana hutoa amri kwa Kiingereza alichojifunza shuleni, na mara nyingi husikika. Mama yake, ambaye siku zake zote zinakwenda kwa Kikamba na Kiswahili, hasikiki. Siku niliyowatembelea alijaribu kuiambia spika iwashe feni. Ilinyamaza, kisha ikaanza kueleza hali ya hewa. "Hiki chombo kinamsikia huyu peke yake," aliniambia. "Mimi nikiwa na mikono kwenye unga bado lazima niinuke." Jioni mvua ilipoanza kupiga mabati, hata kijana hakusikika tena. Alipaza sauti, akarudia, akapaza tena, na kwa mtu ambaye misuli ya kifua imedhoofika, kupaza sauti ni kazi inayommaliza pumzi. Mwishowe mama akainuka, akanawa mikono, akaiwasha feni kwa kidole. Walionunua seti ile walikuwa na nia njema kabisa, na vitu vyote vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni kifaa kilichoundwa na mtu anayejua kwamba nyumba ina watu zaidi ya mmoja, kwamba watu hao wana lugha yao, na kwamba mvua hunyesha juu ya mabati.

Tuanze na lugha. Amazon ilianza kuuza spika ya Echo mwaka 2014, Google ikafuata na Google Home mwaka 2016, na Siri, msaidizi wa sauti wa Apple, ilikuwa imeingia katika simu za kampuni hiyo tangu mwaka 2011. Orodha ya lugha za Alexa, msaidizi wa sauti aliye ndani ya Echo, imekua kutoka Kiingereza hadi Kijerumani, Kijapani, Kifaransa, Kihindi, Kiarabu na nyinginezo, lakini Kiswahili hakimo. Katika Siri pia hakimo. Wanaosema kwamba Kiswahili ni kigumu kwa mashine wanapaswa kukumbuka kwamba mnamo Agosti 2017 Google iliingiza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa sauti kwenye simu, na kwamba tangu hapo mtu ameweza kutunga ujumbe kwa kuzungumza tu. Mashine inayoweza kuandika sentensi nzima ya Kiswahili haishindwi na maneno "washa taa". Uamuzi uliofanywa ni wa kibiashara: lugha huingizwa pale kampuni inapoona wanunuzi wa spika, na katika hesabu hiyo lugha ambayo UNESCO inakadiria kuwa na wazungumzaji zaidi ya milioni 200 imeachwa nje. Kwa mtu anayeweza kuinuka, uamuzi huo ni usumbufu mdogo. Kwa asiyeweza kuinuka na asiyejua Kiingereza, maana yake ni kwamba kifaa hicho hakipo.

Malighafi ya kurekebisha hali hii ipo, na sehemu yake imekusanywa na Wakenya wenyewe. Katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, watu wa kawaida wamekuwa wakisoma sentensi za Kiswahili na kurekodi sauti zao, na rekodi hizo zimewekwa wazi ili yeyote azitumie bila malipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene wamejenga hazina ya matini na sauti inayoitwa Kencorpus, yenye Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Hata hivyo sauti iliyosomwa kwa utulivu kutoka kwenye skrini ina tofauti na amri inayotolewa na mtu aliyechoka, katika chumba chenye redio ya jirani na watoto wanaocheza mlangoni. Mkazi wa Nairobi atasema "zima taa", lakini pia atasema "zima stima", "hiyo taa zima", au atachanganya lugha mbili katika pumzi moja. Kifaa kikidai Kiswahili sanifu cha kitabuni, kitakuwa kimemfungia nje mtu yuleyule ambaye Kiingereza kilimfungia nje.

Mahali pengine hitilafu inaweza kuwa ya hatari. Amri mbili muhimu kuliko zote katika nyumba, funga na fungua, zinatofautiana kwa sauti ndogo sana, na mtu ambaye ulimi wake umelegea kwa kiharusi huenda asiweze kuitoa tofauti hiyo wazi. Mhandisi anayefanya kazi kwa Kiingereza hatalifikiria jambo hili, kwa kuwa katika lugha yake amri hizo mbili hazifanani hata kidogo. Anayeanza na Kiswahili atachagua maneno yasiyokaribiana, kwa mfano "komea" kwa kufunga mlango na "fungua" kwa kuufungua, na ataifanya mashine iulize tena kabla ya kutekeleza amri yoyote inayogusa mlango, jiko au kitu chochote chenye moto.

Nimegusia ulimi uliolegea, na jambo hilo linahitaji kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu magonjwa mengi yanayodhoofisha viungo hudhoofisha matamshi pia. Kiharusi, mtindio wa ubongo na ugonjwa wa Parkinson huweza kumwacha mtu akizungumza kwa namna ambayo ndugu zake wanaielewa vizuri lakini mashine haiambulii kitu. Yaani wale wanaoihitaji sauti zaidi ndio ambao mashine imezoezwa kidogo zaidi kuwasikia. Google ilianza mradi wa Euphonia mwaka 2019 ili kukusanya sauti za aina hiyo, na mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kilianzisha mradi kama huo kwa ushirikiano na Amazon, Apple, Google, Meta na Microsoft, kampuni ambazo kwa kawaida hushindana. Nchini Ghana, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghana na wenzao wa University College London wamekusanya sauti za wazungumzaji wa Kiakan wenye matatizo ya kutamka, jambo linalothibitisha kwamba kazi hii haihitaji kusubiri Ulaya wala Marekani. Na mwaka 2024 Apple ilitangaza njia ambayo mtumiaji anaifundisha simu neno lake mwenyewe, alitamkavyo yeye, kisha analiunganisha na kitendo fulani. Njia hii naiona kuwa ya maana kuliko inavyosifiwa. Mtu akiweza kurekodi mlio wake mara chache na kuamua kwamba mlio huo maana yake ni "washa feni", hapimwi tena kwa kipimo cha matamshi ya watu wengine.

Sasa nije kwenye safari ya amri. Spika nyingi zilizoko sokoni hulitambua jina lao humo humo ndani, lakini kinachosemwa baada ya jina hurekodiwa na kupelekwa kwenye seva za kampuni, hufasiriwa huko, kisha jibu hurudi. Hivyo balbu iliyo Kayole hutegemea ruta, kampuni ya intaneti, nyaya zilizolala chini ya bahari na seva ambayo hakuna aliye nyumbani anayejua iko wapi. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Wengi wetu tulikasirika kwa sababu video hazikufunguka. Mtu aliyeikabidhi intaneti taa na feni yake alikuwa na sababu nzito zaidi ya kulalamika. Umeme nao una yake: Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, na tokeni za umeme huisha wakati wowote bila kuangalia nani amelala kitandani. Umeme ukikatika taa haiwaki kwa amri ya sauti wala ya kidole, na hilo hakuna programu itakayolitatua. Lakini simu yenye chaji ingeweza bado kumpigia jirani kwa amri ya sauti, kama isingelazimika kwanza kuomba msaada wa seva ili ijue maana ya "mpigie Mama Kioko".

Gharama inaonekana wazi zaidi hapa kuliko kwenye bei ya spika. Kifurushi cha chini cha intaneti ya nyaya kutoka kwa kampuni kubwa ni takriban shilingi 3,000 kwa mwezi. Fedha za Inua Jamii ambazo serikali huzipa familia za watu wenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Spika hununuliwa mara moja, pengine na ndugu aliye ng'ambo au na kanisa, lakini intaneti hudai malipo kila mwezi, na kwa nyumba inayotegemea fedha hizo mpango mzima hufia hapo. Zipo huduma za bei nafuu za mitaani ambapo kijana mmoja husambaza waifai kwa ploti nzima, na zinasaidia sana, ila hakuna anayeweza kuahidi kwamba zitakuwapo saa nane usiku.

Kwa hiyo natetea kifaa kinachofasiri amri humo ndani. Jambo hili linawezekana leo. Home Assistant ni programu huria inayoendesha nyumba kutoka kwenye kompyuta ndogo iliyo ndani ya nyumba yenyewe. Waendelezaji wake waliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kushughulikia sauti, na Desemba 2024 wakaanza kuuza kifaa chao cha kupokea amri kwa bei ya dola 59. Anayetaka mashine ijue maneno thelathini tu hahitaji kompyuta yenye nguvu, maana kazi ya kutofautisha amri thelathini ni nyepesi sana ikilinganishwa na kazi ya kuelewa lolote ambalo binadamu anaweza kusema. Kiswahili kimeanza kuingia katika mazingira hayo: programu ya Piper, inayoipa mashine sauti ya kujibu bila intaneti, ina sauti ya Kiswahili iliyotambulishwa kuwa ya Kongo. Kinachohitajika ni mtu wa kuunganisha, kusahihisha na kuhudumia, na ni vigumu kuamini kwamba jiji lenye mafundi wa Luthuli Avenue, pamoja na wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho, linakosa watu hao. Ningefurahi zaidi kuona miradi kumi ya aina hii ikitunzwa kwa miaka mitano kuliko kuona mia moja ikionyeshwa kwenye maonyesho kisha ikaachwa.

Suala la faragha linaelekea upande huohuo. Katika nyumba ya chumba kimoja hakuna mazungumzo ambayo spika iko mbali nayo: mashauri ya deni, ugomvi wa wazazi, daktari akieleza kwa simu hali ya mgonjwa, sala za usiku. Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 nchini Marekani ili kumaliza kesi iliyohusu kuhifadhiwa kwa rekodi za sauti za watoto kupitia Alexa, na Machi 2025 ikaondoa chaguo lililokuwa likiwawezesha baadhi ya watumiaji kuzuia rekodi zao zisipelekwe kwenye seva zake. Mwenye miguu anaweza kuichomoa spika akitaka kusema jambo la siri. Aliyelala kitandani hawezi, na amri zake zinaeleza hali ya afya yake kwa undani ambao hata majirani hawaujui: saa anazokosa usingizi, mara anazoita msaada, siku ambazo sauti yake imedhoofika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiweka hali ya afya ya mtu katika kundi la data nyeti, na sauti isiyotoka nje ya nyumba ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuitii sheria hiyo.

Mlango ningeuacha uwe kitu cha mwisho kukabidhiwa sauti. Milango mingi ya nyumba za kupanga jijini ni ya chuma, ina komeo na kufuli, na mlezi anapotoka huwa na njia mbili mbaya: kufunga kwa nje na kumwacha mtu asiyeweza kujiokoa moto ukizuka, au kuacha wazi na kumwacha mikononi mwa yeyote anayepita. Naelewa kwa nini familia hutamani kufuli la umeme. Lakini kufuli hilo lazima lifunguke kwa ufunguo hata umeme ukikatika, lisitii sauti inayotoka dirishani, na liwe limejaribiwa kwa muda mrefu kuliko kifaa kingine chochote. Mpaka hapo, amri ya kumpigia jirani mwenye ufunguo wa akiba inafaa zaidi.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa saini mwaka 2025 kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Msingi upo, basi. Ugumu uko katika tafsiri ya neno "kifaa". Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki husamehe ushuru wa bidhaa zilizoundwa mahususi kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na hapo kiti cha magurudumu hupita bila shida. Spika na soketi ya kutii amri ziliundwa kwa ajili ya kila mtu, kwa hiyo hutozwa kama redio nyingine yoyote, hata mnunuzi akiwa hawezi kuinua mkono. Kipimo kingekuwa matumizi badala ya nia ya kiwanda, kadi ya usajili ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu pamoja na barua ya daktari au mtaalamu wa tiba ya kazi ingetosha kuthibitisha. Baraza hilo pia linaweza kuingiza seti ya aina hii katika vifaa linavyogharamia, kwa sharti kwamba kila seti itakayonunuliwa kwa fedha za umma ielewe Kiswahili na ifanye kazi bila intaneti. Sharti hilo moja lingewashughulisha waundaji kuliko barua nyingi za kuomba.

Wapo watakaouliza kwa nini tuzungumzie spika wakati kuna watu wanaotambaa kwa kukosa kiti cha magurudumu, na wakati majengo mengi ya katikati ya jiji hayana njia ya kiti. Ni swali la haki, na mahali ambapo fedha zinatosha kitu kimoja tu, kiti kitangulie. Lakini aliyepooza kuanzia shingoni amekuwa akiambiwa asubiri zamu yake kwa miaka mingi, kwa sababu kiti peke yake hakimwezeshi kuwasha taa, na njia ya kiti haimfikishi mahali kama hakuna wa kumsukuma. Mahitaji yake ni tofauti na ya yule anayetumia magongo, na kuwapanga wote katika foleni moja kunamweka yeye mwishoni kila mara.

Pa kuanzia papo. Hospitali ya Kitaifa ya Rufaa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo iko hapa hapa Nairobi, na watu hujifunza humo namna ya kuishi na mwili uliobadilika kabla ya kurudi nyumbani. Amri za Kiswahili zijaribiwe huko kwanza, na wagonjwa wenyewe wakiwa ndio waamuzi: wazitoe wakiwa wamelala chali, wakiwa na mafua, redio ikiwa imewashwa na mvua ikinyesha, na wale wenye matamshi mazito warekodi maneno yao kwa jinsi wanavyoweza kuyatamka. Kila mmoja achague amri zake kulingana na nyumba anayorudi, awe anakwenda Kayole au Kitui. Mlezi wake naye arekodi zake katika kikao hichohicho, na mtu anaporuhusiwa kwenda nyumbani, orodha ya amri hizo iandikwe kwenye karatasi yake ya kutokea pamoja na dawa, ratiba ya kugeuzwa na tarehe ya kliniki.